Niliyojifunza nikitafuta kazi ya kufundisha sanaa ya Kirumi Marekani

Kila mwaka kuanzia Agosti, vyuo vikuu vya Marekani huanza kutangaza nafasi za kufundisha za mwaka wa masomo unaofuata. Katika fani yangu, yaani sanaa ya Roma ya kale pamoja na vyombo, sarafu, samani na vitu vingine walivyoacha Warumi, nafasi za ajira ya kudumu ni chache mno, na wanaozigombea ni watu waliosoma sana. Niliomba misimu kadhaa ndipo nikapata. Sasa nimeshakaa pia kwenye kamati inayosoma mafaili ya waombaji, na mengi yaliyonitesa zamani nimekuja kuyaelewa humo. Nawaandikia wadogo zangu wanaosoma akiolojia au historia Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, ambao hunipigia simu wakiuliza kama njia hii inapitika. Inapitika, lakini ina gharama, na ni vizuri mtu azijue kabla hajaanza.

Kilatini nilikisoma seminari ndogo. Upadri haukuwa wito wangu, ila Kilatini kilibaki. Chuo kikuu nilisoma akiolojia, na huko ndiko nilikokutana na Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK. Ndani yake pwani yetu inaitwa Azania, na soko lake la mwisho upande wa kusini ni Rhapta. Mwandishi anasema huko hupatikana pembe za ndovu kwa wingi, ingawa anaziona hafifu kuliko za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu, na pia pembe za kifaru na magamba ya kasa. Nikajiuliza: pembe zilizotoka Afrika zilipofika Mediterania, zilifanywa nini, na nani, kwa ajili ya nani? Swali hilo ndilo lililonipeleka Marekani kusomea uzamivu, nikaandika tasnifu juu ya uchongaji wa pembe za ndovu katika karne za mwisho za dola ya Kirumi.

Nyumbani hawakuelewa haraka. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia ada ya sekondari kwa mapato ya duka lake, aliniuliza kwenye simu, "Mdogo wangu, hao Warumi watakuajiri lini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Uzamivu wa fani hii ni mrefu, kwa sababu mbali na Kilatini na Kigiriki unatakiwa usome Kijerumani, Kiitaliano na Kifaransa kiasi cha kuweza kufuata ripoti za uchimbaji, na posho ya chuo inatosha pango na chakula. Kama kuna watu wanaokutegemea, waambie mapema. Nilimweleza kaka mwaka kwa mwaka: lini nitamaliza, lini nitaanza kuomba, na kwamba huenda nikakosa kabisa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwatuliza wengine.

Tuje kwenye tangazo lenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotezea nafasi. Matangazo mawili yanaweza kutaja sanaa ya Kirumi na utamaduni wa vitu kwa maneno yanayofanana, na bado zikawa kazi mbili tofauti. Angalia kwanza nafasi iko idara gani. Ikiwa ni historia ya sanaa, wenzako watakuwa mtaalamu wa kauri za China, wa wachoraji wa Florence, wa picha za kamera za karne ya 20. Hao wanatafuta mtu atakayebeba somo la utangulizi kuanzia Misri ya kale hadi makanisa ya Gothiki, na atakayeongea na wanafunzi wasiojua neno moja la Kilatini. Ikiwa ni idara ya klasiki, yaani lugha na maandishi ya Ugiriki na Roma ya kale, wenzako ni wasomaji wa Vergil na Thucydides, na watataka kujua kama unaweza kufundisha Kilatini cha mwaka wa kwanza saa tatu asubuhi, siku nne kwa wiki. Seminari ilinisaidia hapo kuliko nilivyotarajia. Barua iliyoandikwa kwa idara ya kwanza ikipelekwa ya pili, inawekwa kando.

Neno "vitu" nalo halijawekwa pale kwa pambo. Kabla ya kuandika chochote, tafuta kama chuo kina mkusanyo wa kufundishia: vigae vya vyungu, taa, sarafu, vyombo vya kioo. Nani anautunza? Je, chuo kina uchimbaji wake Italia, Tunisia au Uturuki? Soma orodha ya masomo waliyofundisha miaka mitatu iliyopita uone pengo liko wapi. Kazi hii inachukua siku nzima kwa kila tangazo, na inafaa kuliko kutuma maombi mengi yanayofanana.

Faili lenyewe kwa kawaida lina barua ya maombi, wasifu, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, andiko lako moja, na barua tatu za wadhamini. Wadhamini waombe mapema, kabla ya Agosti, na uwape tarehe zote kwenye ukurasa mmoja. Barua zao huhifadhiwa kwenye mfumo wa mtandaoni kama Interfolio ili wasisumbuliwe kwa kila ombi. Angalau mdhamini mmoja awe nje ya chuo chako, aliyekuona ukichimba au ukifundisha. Msimamizi akikusifu, kamati inaona ni wajibu wake. Mkuu wa uchimbaji akieleza jinsi ulivyopanga vigae vya msimu mzima, wanainua vichwa.

Nilipokaa kwenye kamati niliona jinsi barua zinavyosomwa. Watu wamechoka, muhula unaendelea, mafaili ni mengi. Barua inayosimulia tasnifu sura kwa sura haifiki mwisho. Inayosomwa ni ile inayomshika mtu asiye wa fani yako kwa kitu kimoja. Mimi nilikuja kutumia kibao cha ukoo wa Symmachi, kilichopo Victoria and Albert Museum jijini London. Ni bamba la pembe ya ndovu la mwaka 400 BK hivi, linaloonyesha mwanamke akitoa sadaka kwenye madhabahu. Pacha wake, wa ukoo wa Nicomachi, yuko Musée de Cluny, Paris, akiwa ameharibika vibaya. Kwa muda mrefu vibao hivi vimejadiliwa kwa mtindo wa uchongaji na kwa dini ya masenata waliokataa Ukristo. Mimi nilianza na upana. Kibao kina upana wa sentimita 12 hivi, na kupata bamba safi la upana huo kunahitaji pembe ya ndovu mkubwa sana. Kwa hiyo anayekitazama anatazama pia wawindaji, wapagazi, bandari na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hoja hiyo msomaji wa Vergil aliielewa, na mtaalamu wa kauri za China akaniuliza maswali nusu saa.

Kuna jambo ambalo Mwafrika ataulizwa, wazi au kwa mzunguko: kwa nini Roma? Ushauri wangu ni kujibu kwa ushahidi wa fani. Kaisari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, mwaka 145. Vyombo vyekundu vya udongo vilivyofinyangwa Tunisia vilisambaa Mediterania nzima hadi karne ya 7, na wanaakiolojia hutumia maumbo yake kukadiria umri wa tabaka za udongo wanazochimba. Mozaiki za makumbusho ya Bardo kule Tunis haziwezi kurukwa na yeyote anayefundisha sanaa ya Kirumi. Afrika ilikuwa ndani ya Roma, kwa hiyo swali lina majibu mengi mazuri. Ila usijifanye mrithi wa Leptis Magna kama wewe ni mtu wa Songea. Kutoka huko hadi Libya ni mbali, na wasomi wanajua. Na uwe macho na jambo lingine. Idara inaweza kuona sura yako ikadhani imepata pia mwalimu wa sanaa ya Afrika. Kwenye usaili mmoja niliulizwa kama ningefundisha vinyago vya Wamakonde. Navipenda, lakini si taaluma yangu, na wapo waliovisomea miaka mingi wanaostahili nafasi hiyo. Nilisema hivyo kwa heshima, na sijajuta.

Usaili wa kwanza siku hizi hufanyika kwa video. Zamani ulifanyika kwenye hoteli mwanzoni mwa Januari, katika mkutano wa pamoja wa vyama viwili vya taaluma, Archaeological Institute of America na Society for Classical Studies, na mwombaji alijilipia nauli na chumba bila kujua kama atapata chochote. Video imetuondolea mzigo huo, hasa kwa anayeomba akiwa nyumbani. Kumbuka tu kwamba Januari, saa nane mchana ya New York ni saa nne usiku kwetu. Omba chumba chenye umeme wa uhakika na intaneti ya pili ya akiba. Utakuwa na dakika 20 hadi 30. Watakuuliza utafiti wako kwa dakika mbili, kisha utafundishaje somo la utangulizi. Usitaje orodha ya majengo. Chagua kitu kimoja ueleze utakifanyia nini darasani. Mimi huanza na Tao la Constantine la mwaka 315, lililoko Roma, kwa sababu limepachikwa sanamu zilizotolewa kwenye majengo ya makaisari waliotangulia, Trajan, Hadrian na Marcus Aurelius, na mwanafunzi akijifunza kuzitenganisha kwa macho yake ameshajifunza karne mbili za uchongaji.

Swali jingine haliepukiki: utafanya nini na kitu kisicho na asili inayojulikana? Mkataba wa UNESCO wa 1970, wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, ndio mstari ambao taaluma inautumia, na vitu vingi vya Kirumi vilivyoko Marekani havina karatasi za kabla ya hapo. Sanamu za shaba za Bubon, zilizoporwa Uturuki miaka ya 1960, ni mfano unaopaswa kuujua vizuri. Sisi tunaotoka nchi zilizochukuliwa mali zake tunalisikia swali hili kwa uchungu, na uchungu huo si kosa kuuonyesha. Lakini jibu liwe na kazi ndani yake: sitachapisha kitu hicho kwa mara ya kwanza na kukipandisha bei sokoni, nitawapa wanafunzi faili lake tuone kiliuzwa na nani na lini.

Ukipita hapo, unaitwa chuoni, siku mbili, kati ya mwisho wa Januari na Machi. Kuna mhadhara wa utafiti mbele ya idara nzima, darasa la majaribio, mazungumzo na mkuu wa kitivo, na chakula cha jioni. Chakula nacho ni usaili, kwa hiyo tafuta kitu cha kula kabla, maana utaongea kuliko kutafuna.

Darasa ndilo lililonipa kazi, na nitalieleza. Waliniambia nifundishe dakika 50 kwa kutumia kitu kimoja cha mkusanyo wao, wakaniletea taa ya udongo inayoenea kiganjani. Chini yake, kwa herufi zilizoinuka, imeandikwa FORTIS. Hilo ni jina la karakana iliyohusishwa na Modena, kaskazini mwa Italia, na taa zake zilinakiliwa mikoa mingi ya dola. Ningeweza kuwaambia wanafunzi hayo yote mwanzoni. Badala yake nilitandika sponji mezani, nikawaonyesha jinsi ya kuishika kwa mikono miwili chini chini, nikawauliza ni wapi ni peusi. Waliona masizi mdomoni, upande mmoja mzito kuliko mwingine. Nimekulia kwenye kibatari. Najua utambi usiopunguzwa vizuri hufuka moshi na kuacha doa la namna ile ile, na najua ni mtoto gani wa nyumba hulaumiwa kwa hilo. Niliwaambia hivyo. Wakasogea. Msichana mmoja akaipeleka taa dirishani, akasema herufi za FORTIS hazina ncha, kama zimelambwa. Nikamuuliza kwa nini. Tukafika polepole: fundi wa mkoani alichukua taa iliyopo, akaikandia udongo kutoa kalibu, akafinyanga nyingine. Udongo husinyaa ukikauka na ukichomwa, hivyo kila nakala huwa ndogo kidogo kuliko iliyotangulia, na maandishi hufifia. Muda uliisha wakijadili kama mnunuzi wa mikoa ya mto Danube alijua anauziwa nakala. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameketi nyuma, na aliniambia baadaye kwamba aliacha kuandika ili aweze kusikiliza.

Kwa hiyo ukiweza, tumia likizo moja kwenye stoo ya makumbusho au kwenye uchimbaji ukiosha vigae. Anayewajua Warumi kwa slaidi peke yake hugundulika akipewa kitu mkononi.

Sasa fedha. Baadhi ya vyuo humtaka mwombaji ajilipie tiketi kwanza, ndipo arudishiwe. Chuo kimoja kilinirudishia baada ya muda mrefu, na riba ya kadi ya benki ilikuwa juu yangu. Mwandikie mratibu wa idara mapema, kwa adabu, umwombe wao wakate tiketi moja kwa moja, wengi hukubali. Picha za kuchapisha kwenye makala ni gharama nyingine, kwani makumbusho mengi hutoza ada kwa kila picha. The Metropolitan Museum of Art iliachia picha zake za kazi zisizo na hakimiliki zitumike bure tangu 2017, na kwa mwanafunzi asiye na fedha ni busara kuchagua mifano humo. Halafu kuna pasipoti yetu. Mwenzangu Mmarekani akitaka kwenda kuona kitu Roma hukata tiketi na kuondoka. Mimi lazima niombe miadi ya visa ya Schengen, nionyeshe benki, bima, barua ya mwaliko, kisha nihakikishe visa ya kunirudisha Marekani bado hai. Ipangie miezi, na msimamizi wako umweleze, kwa sababu yeye hajawahi kulifikiria jambo hilo.

Kimya ndicho kilichoniumiza zaidi. Maombi mengi hayajibiwi kabisa. Unajua umekosa pale unaposikia fulani ameajiriwa. Dada yangu alipoolewa nilikuwa chuo kimoja nikitoa mhadhara, nikaiona ndoa kwenye simu usiku nikiwa hotelini, na kazi ile akapewa mwingine. Nililia. Sikuwa na maneno ya kumwambia mama. Ambaye hajapitia atakwambia uombe tena mwakani, kana kwamba mwaka ni kitu kidogo. Kilichonibakiza ni nafasi za kufundisha za mwaka mmoja, ambazo hutangazwa kuanzia Machi baada ya zile za kudumu kujazwa. Zina mshahara mdogo na kuhamahama, lakini zinakupa madarasa yako mwenyewe na barua ya mdhamini mpya. Nilijiwekea mpaka wa misimu nitakayoomba, nikamwambia kaka, na huku nikaandika pia kwa makumbusho. Fanya hivyo. Fikiria na vyuo vya bara letu vyenye idara za klasiki, kama Legon kule Ghana, Ibadan, na Zomba nchini Malawi.

Ukipewa kazi, usikubali kwenye simu siku hiyo hiyo. Shukuru, omba barua, omba muda. Sisi tumelelewa kuona kwamba kujadiliana na anayekupa riziki ni utovu wa adabu, na nilitetemeka kumwandikia mkuu wa kitivo. Alikuwa anasubiri niandike. Ndio utaratibu wao. Omba mshahara zaidi, fedha za utafiti na za picha, gharama ya kuhama, na somo moja pungufu mwaka wa kwanza. Kila kilichokubaliwa kiandikwe.

Na visa iwe ndani ya mazungumzo hayo, isingoje baadaye. Aliyesoma kwa visa ya mwanafunzi ya F-1 hupata miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yake baada ya kuhitimu. Baada ya hapo chuo kinaweza kumwombea visa ya kazi ya H-1B, na vyuo vikuu haviingii kwenye bahati nasibu ya kila mwaka ya visa hizo. Septemba 2025 ilitolewa amri ya rais ya kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani, kwa hiyo uliza ofisi ya wageni ya chuo hali ikoje wiki hiyo, kabla hujasafiri kwenda popote. Aliyekwenda kwa ufadhili wa Fulbright yuko kwenye visa ya J-1, ya kubadilishana wasomi, na sharti lake ni kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya H-1B au ukaazi wa kudumu. Wapo waliolijua siku ya kupewa kazi. Uliza pia kama chuo kitakuombea ukaazi wa kudumu kwa utaratibu maalumu wa walimu wa vyuo, maana maombi hayo yana kikomo cha miezi 18 tangu ulipochaguliwa.

Walio mwaka wa kwanza au wa pili wa shahada ya kwanza wasubiri hayo. Kazi yenu sasa ni lugha. Kijerumani kinafundishwa Goethe-Institut, Dar es Salaam na Nairobi. Kilatini mwendeeni padre yeyote mzee aliyefundisha seminari. Wengi wao wana vitabu kabatini na hawajaulizwa na mtu kwa miaka.